Uzito Usioonekana: Ngomeni, Fizikia ya Chembe na Maswali ya Ulimwengu

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na wenzao wa Ulaya walitangaza, kila kundi kwa hesabu zake, kwamba wameona mwale hafifu wa eksirei ukitoka katika kishada cha galaksi kiitwacho Perseus. Kwa hesabu zao mwale huo haukulingana na wa atomu yoyote inayojulikana, na habari zikaenea kwamba huenda maada giza imepatikana. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, ikakitazama kishada kile kile kwa kifaa chenye jicho kali zaidi, na mwale haukuonekana kwa nguvu iliyodaiwa. Machi 2025 mradi wa DESI, wenye darubini yake Arizona, ukasema nishati giza inayousukuma ulimwengu utanuke huenda inadhoofika. Kabla ya hayo kulikuwa na hofu ya mwaka 2008 kwamba mashine ya CERN, maabara ya chembe ya Ulaya huko Geneva, ingezaa shimo jeusi la kuimeza dunia, kisha jina la "chembe ya Mungu" likashika vinywa vya watu mwaka 2012.

Anayefuatilia habari hizi ana haki ya kuchanganyikiwa. Leo anaambiwa jibu limepatikana, kesho anaambiwa halikuwapo. Haambiwi kwa nini watu wanaochunguza vitu vidogo kuliko atomu ndio wanaoulizwa habari za ulimwengu mzima.

Hapa pwani ya Kenya utata huo una tabaka la ziada. Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utayaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yake baharini katika Ghuba ya Ungwana. Watu huyajua kwa jina la San Marco na huyahusisha na roketi za Waitaliano. Setilaiti ya mwisho kurushwa hapo iliondoka 25 Machi 1988, na ni rahisi kudhani kwamba habari ya kituo iliishia siku hiyo. Haikuishia. Sehemu ya ushahidi uliolikuza swali la maada giza ilipandia hapo kwenda angani, na sehemu ya data inayotumiwa leo kulichunguza swali hilo hushukia hapo hapo.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba fizikia ya chembe inastahili nafasi yake katika maswali haya, ingawa hadi sasa imefunga milango mingi kuliko iliyofungua. Anga ndiyo iliyouliza swali, na anga ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kulijibu. Kwa nchi kama Kenya, tofauti hiyo ina maana ya fedha na ya elimu.

Maswali yenyewe

Vipimo vya setilaiti ya Planck, vilivyotolewa kwa ukamilifu mwaka 2018, vinasema kwamba vitu vyote tunavyovijua, nyota, bahari, samaki, chumvi ya Gongoni na sisi wenyewe, ni takriban asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Asilimia 27 hivi ni maada giza, kitu chenye uzito kisichotoa nuru wala kuizuia. Asilimia 68 iliyobaki ni nishati giza.

Swali la kwanza, basi, ni maada giza imeundwa na nini. La pili ni nishati giza ni kitu gani, na hapa fizikia ya chembe imepwelewa vibaya: ukikadiria nishati ya utupu kwa kanuni zake, jibu linakizidi kiwango kinachopimwa angani kwa namba yenye sufuri 120 hivi. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika sayansi yote ya vipimo.

La tatu ni kwa nini tupo kabisa. Kila chembe ina pacha wake kinyume, na wawili hao wakikutana huteketezana na kuacha mwanga mtupu. Mlipuko Mkuu ungezaa pande zote mbili sawa kwa sawa, kusingebaki kitu. Kilichobaki kinaonyesha kwamba kwa kila chembe kinyume bilioni moja palikuwa na chembe za kawaida bilioni moja na moja. Hiyo moja iliyozidi ndiyo iliyofanya galaksi zote. Mwaka 1967 Mrusi Andrei Sakharov aliandika masharti ambayo sheria za chembe lazima ziyatimize ili ziada hiyo ipatikane, na mpaka leo hatujui zinayatimiza vipi.

La nne ni ugomvi wa kasi ya kutanuka. Wanaohesabu kuanzia mwanga wa kale wa Mlipuko Mkuu hupata 67 na ushei, wanaopima kwa nyota na milipuko ya nyota zilizo karibu hupata 73 hivi, kwa kipimo kile kile cha kilomita kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Pengo ni dogo kwa mtu wa kawaida, kubwa mno kwa wapimaji.

Nitashika zaidi swali la kwanza. Ndilo ambalo wanafizikia wa chembe wamelihangaikia kwa muda mrefu, na ndilo lenye mkono wa Malindi ndani yake.

Eksirei na Ghuba ya Ungwana

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kishada cha Coma akaona zinakwenda mbio mno. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, kishada kile kilipaswa kiwe kimekwisha kutawanyika zamani. Kulikuwa na kitu kingine kilichozishika zisitoroke. Hoja hiyo mvuvi yeyote wa Ngomeni ataielewa: mvuto wa mwezi hauonekani kwa macho, lakini bamvua na maji mafu huonekana, na kwa hayo mtu hujua mwezi umefika wapi hata usiku wa mawingu.

Kwa takriban miaka 40 hoja ya Zwicky ilikaa pembeni. Ulikuwapo uwezekano ambao bado haukuwa umepimwa, kwamba uzito uliokosekana ni gesi ya kawaida iliyojificha kati ya galaksi. Gesi kama hiyo, ikiwa na joto la mamilioni ya digrii, ingetoa eksirei, na eksirei za angani hazipenyi hewa ya dunia. Ili kuziona ni lazima upande juu.

Ngomeni inaingilia hapo. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitaka mahali karibu na ikweta na penye bahari wazi upande wa mashariki. Ghuba ya Ungwana, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ilikuwa na vyote viwili. Roketi inayoelekea mashariki kutoka hapa hupewa na mzunguko wa dunia zaidi ya mita 460 kwa sekunde, bure. Ipo pia faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo nzito kwa somo letu. Usumaku wa dunia umenasa mikanda ya chembe zenye nguvu, na juu ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo hushuka chini. Setilaiti inayopita katikati ya eneo hilo hupigwa na chembe hizo hadi kifaa chake kisitofautishe ishara na kelele. Inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa karibu lote. Kwa mwenye kuwinda ishara hafifu, njia ya ikweta ni kama maji yaliyotulia.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka jukwaani ikiwa na setilaiti ya kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kiongozi wa sayansi yake alikuwa Riccardo Giacconi. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339 vya eksirei, na sifa yake kubwa kwa watu ni Cygnus X-1, kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kujulikana. Giacconi alitunukiwa Nobel mwaka 2002.

Kwa kosmolojia, hata hivyo, jambo zito zaidi lilikuwa vishada. Uhuru ilionyesha kwamba Coma, Perseus na Virgo vinatoa eksirei, tena si kutoka nukta moja bali kwa kutandaa katika eneo kubwa. Kisha ikaja Ariel V ya Uingereza, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 watafiti wake waliripoti kwamba eksirei za Perseus zina alama ya chuma ndani yake. Alama hiyo ilimaliza mabishano: mwanga ule ni wa gesi yenye joto kali, na gesi hiyo imechanganyika na chuma kilichopikwa ndani ya nyota.

Tangu hapo eksirei zikawa mzani. Joto la gesi, linalokaribia digrii milioni 100 katika Coma, linakuambia ni mvutano kiasi gani unaohitajika kuizuia isifurike nje. Mwangaza wake unakuambia gesi yenyewe ina uzito gani. Ukipiga hesabu unakuta gesi inazishinda nyota zote za kishada kwa uzito mara kadhaa, na bado gesi na nyota kwa pamoja ni kama sehemu moja tu kati ya sita ya uzito unaotakiwa. Maficho ya kawaida yalifunguliwa, yakahesabiwa, na yakakosa kutosha. Ndiyo maana nasema swali la maada giza, kwa sura yake ya leo, lilipitia Ngomeni.

Setilaiti nyingine, SAS-2, ilirushwa 15 Novemba 1972 kupima miale ya gama. Ilidumu miezi 7 tu, lakini vipimo vyake vya mwanga hafifu wa gama uliotanda anga yote viligusa swali la tatu. Kama kungekuwa na galaksi za maada kinyume zikipakana na za kawaida, mipakani kungewaka gama kwa wingi. Kiasi kilichopimwa na SAS-2 na warithi wake hakiachi nafasi kwa ulimwengu uliogawanyika nusu kwa nusu katika ujirani wetu.

Msimamo wa kwanza: mashine na mapango

Wapo wanaosema kwamba jibu litatoka maabara. Maada giza ikiwa ni chembe, basi iundwe kwa kugonganisha protoni, au inaswe chini ya ardhi inapopita.

Nguvu ya msimamo huu inaonekana vizuri katika habari ya nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Mwaka 1977 Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walionyesha kwamba heli iliyopo ulimwenguni, robo hivi ya uzito wa maada ya kawaida, inaweka kikomo kwa idadi ya aina za nyutrino. Kila aina ya ziada ingeharakisha utanukaji katika dakika za mwanzo, na heli ingekuwa nyingi kuliko tunayoiona. Mwaka 1989 mashine ya LEP huko CERN ilizihesabu aina hizo moja kwa moja kwa kuzichunguza chembe za Z: ni tatu. Heli iliyopikwa dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu na chembe zilizozaliwa na kufa ndani ya handaki la Geneva zilitoa jibu moja. Hakuna mfano bora wa namna elimu hizi mbili zinavyoshikana mikono.

Mafanikio hayo yalitia watu moyo, pengine kupita kiasi. Palikuwa na pendekezo zuri sana: chembe yenye uzito kama mara 100 ya protoni, inayoguswa na kani dhaifu tu. Ukiiweka katika hesabu za Mlipuko Mkuu, kiasi kinachosalia kinakaribia kiasi cha maada giza bila kulazimisha namba. Miaka 30 na zaidi ya kazi ilijengwa juu ya pendekezo hilo. Mashine ya CERN yenye duara la kilomita 27 iliipata chembe ya Higgs, ile ile "chembe ya Mungu", ikatangazwa 4 Julai 2012, lakini haijaonyesha hata moja ya chembe hizi nzito. Katika mgodi wa zamani huko South Dakota, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, kifaa cha LZ kimejazwa tani 10 za zenoni ya kimiminika kikingoja chembe moja igonge atomu moja. Mwaka 2024 kilitoa matokeo ya siku 280 za kungoja: hakuna kitu. Huko Gran Sasso, Italia, kikundi cha DAMA kimedai kwa zaidi ya miaka 20 kwamba kinaona ishara inayopanda na kushuka kila mwaka. Vifaa vya Hispania na Korea Kusini vilivyotumia fuwele za aina hiyo hiyo havikuiona.

Faida ya maabara ni kwamba unaitawala. Unaweza kurudia jaribio, kulizima, kubadilisha kifaa na kumkabidhi mpinzani wako alirudie. Ila maabara huona kile ilichoundiwa kukiona. Maada giza ikiwa haigusani na zenoni, tani 10 au 100 hazitasema lolote. Tena hata CERN ikiunda chembe mpya isiyoonekana, haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba chembe hiyo hudumu miaka bilioni 13.8 na ndiyo iliyojaa katika Coma. Uthibitisho huo lazima utoke angani.

Gharama nazo ni nzito. Mashine inayopendekezwa kuirithi ya sasa, yenye duara la kilomita 91 hivi, imekadiriwa kugharimu faranga za Uswisi bilioni 15. Wanaoitetea wanasema itaichunguza Higgs kwa undani usiowezekana leo, na hilo ni kweli. Lakini anayeinunua kwa ahadi ya kupata maada giza ananunua ahadi isiyo na mdhamini.

Kwa swali la tatu hali ni tofauti, na haki itendeke. Tofauti kati ya chembe na pacha wake inaweza kupimwa maabara tu. Machi 2025 kikundi cha LHCb cha CERN kilitangaza kwamba kimeiona tofauti hiyo, ya asilimia 2.5 hivi, katika chembe za jamii ya protoni, jamii ambayo ndiyo miili yetu. Tofauti zote zinazojulikana kwa pamoja bado ni ndogo mno kueleza kwa nini tupo, lakini mlango wa kubisha ni huo.

Msimamo wa pili: anga ndiyo maabara

Kundi la pili linasema maada giza imekwisha kukusanyika angani kwa wingi ambao hakuna maabara itakayoufikia, basi ielekeze darubini huko na utafute alama ya chembe ikifa au ikibadilika.

Chukua mfano wa nyutrino tasa. Jina linafaa: ni nyutrino isiyoshiriki hata ile kani dhaifu ambayo ndugu zake hushiriki. Kama ipo na ina uzito wa elektronivolti 7,000 (kipimo cha nishati kinachotumiwa pia kwa uzito wa chembe), basi mara chache sana, baada ya muda unaozidi kwa mbali umri wa ulimwengu, moja itageuka kuwa nyutrino ya kawaida na kutoa eksirei yenye nusu ya nishati hiyo, 3,500. Moja haionekani. Kishada kizima cha Perseus kikiwa na idadi yake isiyohesabika kingetoa mwale. Mwale uliotangazwa mwaka 2014 ulikuwa hapo hapo penye 3,500. Ndiyo sababu dunia ilishtuka.

Sasa tazama dishi la Ngomeni. Setilaiti ya NuSTAR, darubini ya eksirei iliyorushwa Juni 2012, inazunguka dunia kila baada ya dakika 97 hivi karibu na ikweta, kimo cha kilomita 600, na kituo chake kikuu cha kushushia data ni hiki, kiitwacho Malindi. Linapofika pito lililopangwa, dishi hugeukia magharibi na kuingoja itokeze kwenye upeo, huifuata inapopanda juu ya pwani, kisha huisindikiza mpaka izame upande wa Bahari ya Hindi. Kwa muda usiozidi dakika kumi hivi, rekodi za kila chembe ya mwanga iliyogonga vifaa vyake hushuka, na kutoka hapa hupelekwa Berkeley, California. Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya gama, hutumia kituo hiki pia, na IXPE iliyorushwa Desemba 2021 ikafuata. BeppoSAX ya Waitaliano na Waholanzi ilitangulia kufanya hivyo tangu mwaka 1996.

Data za NuSTAR zimetumiwa kuzisaka nyutrino tasa zenye uzito wa takriban elektronivolti 10,000 hadi 40,000, kwa kutazama upande wa kitovu cha galaksi yetu. Hazikuonekana, na sehemu kubwa ya nafasi zilimoweza kujificha imefungwa. Mwaka 2021 ilitoka kazi nyingine ya ustadi mkubwa. Betelgeuse, nyota nyekundu ambayo mabaharia wa Kiarabu waliijua muda mrefu kabla ya darubini, ina uso uliopoa kiasi kwamba haitoi eksirei za kutajika. Kama chembe zinazokisiwa ziitwazo aksioni, mtahiniwa mwingine wa maada giza, zingekuwa zikizaliwa ndani ya tumbo lake lenye moto, nyingine zingegeuka eksirei njiani kwa usumaku wa galaksi. Basi eksirei yoyote kutoka kwake ingekuwa ya kutiliwa shaka. NuSTAR ilitazama, ikakuta kimya, na kimya hicho kikawa kikomo kikali kwa nadharia ya aksioni.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba anga ina vumbi na vishindo vyake. Mwale wa 3,500 ungeweza pia kuwa wa atomu za potasiamu zenye joto kali, na mabishano yalikuwa ni nani aliyepima potasiamu sawasawa. Gama za ziada zinazotoka kitovu cha galaksi yetu, zilizoonekana katika data za setilaiti ya Fermi tangu mwaka 2009, wengine wanasema ni maada giza ikijiteketeza, wengine wanasema ni nyota ndogo zinazozunguka kwa kasi ambazo darubini haijazitenganisha. Anga haikuruhusu kuzima nyota moja ili uone kama ishara itabaki. Unangoja, unatazama kwingine, unalinganisha.

Msimamo wa tatu: tatizo liko katika mizani

Mwisraeli Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba hakuna maada giza, bali sheria ya mvutano hubadilika pale nguvu inapokuwa dhaifu sana. Pendekezo lake hueleza mzunguko wa galaksi moja moja kwa usahihi unaowatia tumbo joto wapinzani, na wanaolidharau hawajalisoma. Linapofika kwenye vishada linakwama: hata ukibadilisha sheria, gesi iliyoonekana kwa eksirei bado inahitaji uzito wa ziada. Mwaka 2006 vishada viwili vilivyogongana vilionyesha gesi imebaki katikati na uzito umepita mbele. Halafu 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130; mawimbi ya mvutano na gama vilifika vikipishana kwa sekunde 1.7 tu, na nadharia nyingi zilizobadilisha mvutano zikaanguka siku hiyo. Swift ilikuwa miongoni mwa setilaiti zilizoelekezwa kwenye mabaki ya mgongano huo.

Kuweka mizani

Ukizipima hoja hizi unaona kwanza kwamba matokeo ya "hakuna kitu" yamekosewa heshima. Vyombo vya habari huyasoma kama kushindwa. Mvuvi aliyetupa nyavu miamba 9 kati ya 10 bila kupata kitu hakupoteza siku zote 9, mradi ameandika alipopita. Tatizo ni kwamba hatujui bahari hii ina miamba mingapi.

Pili, kila upande unamhitaji mwenziwe kama shahidi, na mfano wa sasa ni uzito wa nyutrino. Aprili 2025 jaribio la KATRIN la Ujerumani, lililopima maabara bila kutegemea nadharia yoyote ya ulimwengu, lilisema nyutrino haizidi elektronivolti 0.45. Mwezi uliotangulia DESI, kwa kuunganisha ramani yake ya galaksi na vipimo vya Planck, ilisema jumla ya aina zote tatu haizidi 0.064 hivi. Kiwango cha anga ni kikali zaidi kwa mbali. Lakini majaribio ya namna nyutrino zinavyobadilika aina yanasema jumla hiyo haiwezi kushuka chini ya 0.059. Nafasi iliyobaki ni nyembamba kama ukingo wa ngalawa. Ikifungika, ama nadharia ya ulimwengu ina kosa, ama vipimo, na fununu ya DESI kuhusu nishati giza inayodhoofika huenda ikawa sehemu ya kosa hilo hilo. Anga itatoa shaka. Maabara ndiyo itakayotoa hukumu.

Kwa hivyo uamuzi wangu unafuata swali. Kwa maada giza, shilingi inayowekwa kwenye darubini na vifaa vidogo vya aina nyingi ina nafasi nzuri kuliko ile inayowekwa kwenye mashine moja kubwa, kwa kuwa hatujui uzito wa chembe tunayoitafuta na mashine kubwa hubahatisha eneo moja la uzito. Kwa swali la kwa nini tupo, mashine haina mbadala. Kwa nishati giza, fizikia ya chembe bado haina la kusema lenye kupimika, na ni afadhali ikiri.

Kinachoshuka Ngomeni

Kenya haitajenga mashine ya kilomita 91, wala haihitaji. Swali la hapa ni jingine: data zinazopitia hapa Kaunti ya Kilifi zinasomwa wapi?

Mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini Trento 24 Oktoba 2016 unataja mafunzo na ufikiaji wa data za sayansi ya anga. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017. Ipo hoja nzito kwamba fedha chache zilizopo ziende kwanza kwenye picha za dunia: ukame wa Ganze na Magarini, mikoko, samaki, mafuriko ya Sabaki. Siipingi. Mtu mwenye njaa hashibi kwa habari za Perseus. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kimoja kinamnyima mwenzake, na hapo ndipo penye kosa. Kazi ya kutenganisha ishara hafifu na kelele ni ile ile, kwa programu zile zile na takwimu zile zile, uwe unatafuta nyutrino tasa au unyevu wa udongo. Gharama ya kusoma data za anga ni kompyuta, intaneti na mwalimu anayejua.

Walimu wanapatikana karibu. Taasisi ya fizikia ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2018 kama tawi la kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam, hufundisha wanafunzi wa Afrika Mashariki nadharia hizi hizi. Shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010, ilikaa Rwanda mwaka 2016. Huko Namibia darubini za H.E.S.S. zimekuwa zikitafuta alama za maada giza kwa gama kwa zaidi ya miaka 20, ushahidi kwamba kazi hii inafanyika katika ardhi ya Afrika.

Data zenyewe hazina kufuli. Rekodi za Swift huwekwa mara moja katika hifadhi ya NASA, na za NuSTAR huwekwa hapo muda wa watafiti walioziomba ukiisha, na yeyote huzishusha bila malipo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi anaweza wiki hii kuzichukua rekodi za NuSTAR za Perseus, akaiona alama ya chuma ambayo Ariel V iliiona kwa mara ya kwanza, kisha akapima mwenyewe ni mwanga kiasi gani unaobaki baada ya kuondoa kila atomu inayojulikana. Rekodi hizo zilishukia kaskazini mwa Malindi kabla ya kwenda Berkeley, na kinachorudi kwake ni faili la kufungua na kuanza kuhesabu.